Siku za Akiba: Hoja Juu ya Ratiba za Safari za Himalaya

Imezuka siku hizi desturi ya kuuza milima kwa hesabu ya siku. Mtu akitaka kuvuka vipito vya Himalaya huletewa karatasi nzuri iliyopigwa chapa, nayo ina safu mbili: upande mmoja siku, upande wa pili mahali pa kulala. Siku ya kwanza Kathmandu, siku ya pili Besisahar, na hivyo hivyo mpaka siku ya kumi na mbili, ambapo msafiri yu katika uwanja wa ndege tena, amekwisha kuvuka, na picha zake anazo. Karatasi hiyo huitwa mpango wa safari. Mimi nashika ya kwamba si mpango. Ni hesabu ya likizo iliyovikwa majina ya vijiji. Na kwa kuwa ndani yake hamna hata siku moja tupu, hesabu hiyo imekwisha kuua watu na itaua wengine.

Neno hili ni kali, nami nalisema kwa makusudi. Najua nitapingwa na watu wa namna mbili. Wa kwanza ni wauzaji wa safari, ambao hawana haja ya kusoma jarida hili, na jibu lao nalijua: mnunuzi ndiye atakaye safari fupi. Wa pili ni wasomi wenzetu, ambao wamesoma vitabu vya wapanda milima wa zamani, wakatoka humo na imani kwamba kupanga ni kazi ya makarani, na kwamba msafiri wa kweli huenda kama upepo. Makundi haya mawili hayapendani. Walakini katika jambo moja yamepatana bila kujua: yote mawili hayaheshimu siku ya kukaa bure.

Kwanza nieleze neno. Kwa kipito nakusudia pahali ambapo safu ya milima imeinama kidogo, mtu akaweza kuvuka kutoka bonde hili hadi bonde lile bila kupanda kilele. Watibeti hupaita la, na ndiyo sababu majina ya vipito vingi vya Himalaya huishia kwa silabi hiyo: Thorong La, Cho La, Larkya La, Renjo La, Kongma La. Kuinama huko kusimdanganye msomaji. Thorong La, iliyo katika njia izungukayo milima ya Annapurna, ina mita 5,416 juu ya usawa wa bahari. Cho La, katika nchi ya Khumbu chini ya Everest, ina mita 5,420, na Kongma La jirani yake ina mita 5,535. Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya, kina mita 5,199. Basi vipito hivi, ambavyo mbele ya milima inayovizunguka ni mashimo tu, vinakipita kilele chetu kwa mita mia mbili na zaidi.

Tena kipito kina hila ambayo kilele hakina. Apandaye kilele akashindwa hurudi kwa njia aliyojia, na chini atakuta hema lake, chakula chake na gari lake. Kushindwa kwake ni huzuni, lakini hakuvunji kitu. Avukaye kipito mambo yake yote yako upande wa pili: kitanda alichoahidiwa, gari litakalomngoja, tikiti ya ndege. Akirudi nyuma, ratiba yote imebomoka, maana atahitaji siku nne au tano kufika mahali ambapo angefika kwa saa nane. Kwa hiyo mtu aliye chini ya kipito, asubuhi yenye wingu, hafikirii mlima peke yake. Anavutwa na upande wa pili kama mtu aliyefungwa kamba. Ikiwa ratiba yake haina siku ya ziada, kamba hiyo haikatiki, na atavuka hata pale ambapo macho yake mwenyewe yanamwambia asivuke.

Sasa tuutazame mwili. Katika kimo cha mita 5,400 uzito wa hewa imwelemeayo mtu hupungua hata ukawa karibu nusu ya ule wa pwani. Fungu la oksijeni halikubadilika, ni 21 katika mia kama lilivyo Tanga au Mombasa, ila hewa yenyewe imekuwa nyepesi, na kila pumzi huleta kidogo. Mwili hujibu kwa kupumua haraka. Lakini kupumua haraka hutoa gesi ya kaboni kupita kiasi, na asidi ya damu hupungua. Ubongo ukiona hivyo huizuia pumzi isizidi. Hapo ndipo figo huanza kazi ya kuirekebisha damu, kazi ya siku kadha wa kadha, ili pumzi iruhusiwe kuongezeka tena. Kuzidisha chembe nyekundu za damu ni kazi ndefu zaidi, ya wiki na wiki. Figo hazina habari ya ushujaa. Kijana akimbiaye maili ishirini na mzee avutaye pole pole huzingoja sawasawa, na aghalabu kijana ndiye huanguka kwanza, kwa kuwa miguu yake humfikisha juu kabla ya damu yake.

Asiyengoja huumwa kichwa, hutapika, hukosa usingizi. Akizidi kupanda, mapafu yake yaweza kujaa maji, akakohoa usiku na kukosa pumzi hata ameketi; au ubongo wake ukavimba, akayumba kama mlevi na kusema maneno yasiyo na maana. Hali hizi mbili huua, na pengine huua kwa muda wa saa chache. Dawa yake ya kwanza ni kushuka. Madaktari wa milimani wamekubaliana juu ya kanuni nyepesi: mtu akipita mita 3,000, asizidishe mahali pake pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne alale mara ya pili pale pale. Mwaka 1976 Peter Hackett na wenzake walichapa katika The Lancet uchunguzi walioufanya Pheriche, kijiji cha mita 4,243 katika njia iendayo Everest. Kati ya wasafiri 278 waliowapima, 53 katika mia walikuwa na ugonjwa wa mwinuko. Na wale waliopanda ndege hadi Lukla waliugua zaidi kuliko wale waliotembea tangu mabonde ya chini. Yapata nusu karne sasa tunalijua jambo hili, na bado ratiba zinafupishwa.

Tuchukue njia ya Annapurna iwe mfano wetu. Zamani msafiri alianza kutembea katika mashamba ya mpunga, chini ya mita 1,000, akafika Manang, mita 3,540 hivi, baada ya siku saba au nane. Na mzunguko wote ulimchukua wiki tatu. Sitaki kumsifu mtu huyo kwa hekima ambayo hakuwa nayo. Aliokolewa na ukosefu wa barabara. Miguu yake ilimpa mwili wake muda, apende asipende. Baadaye barabara ya gari ikachongwa katika magenge ya mto Marsyangdi hadi Manang yenyewe, na upande wa pili barabara nyingine ikafika Muktinath. Leo mtu aweza kutoka Kathmandu, mita 1,400, akalala Manang usiku wa pili au wa tatu. Amepanda mita 2,000 na zaidi akiwa ameketi. Vumbi limempata, na mgongo unamuuma, lakini figo zake zingali Kathmandu.

Hata ratiba iliyo njema kidogo haina nafasi. Yasemwa hivi: Chame, mita 2,670, Pisang, mita 3,200 na kitu, Manang, siku mbili, Yak Kharka, mita 4,050, Thorong Phedi, mita 4,500 hivi, kesho yake alfajiri kipito, na jioni Muktinath, karibu mita 3,800. Ukiipima kwa kanuni ya madaktari, imepenya tundu la sindano. Muuzaji akiulizwa juu ya siku ya akiba ataonyesha kwa kidole usiku wa pili wa Manang. Huu ndio udanganyifu ninaotaka kuufunua, maana hata watu waaminifu huuamini. Siku ya Manang si akiba. Ni deni, na deni hilo limekwisha kulipwa kwa mwili kabla hujafika. Siku ya kuuzoesha mwili ni kitu kimoja, na siku ya akiba ni kitu kingine: ya kwanza hutumika hata kama mambo yote ni mazuri, na ya pili huwekwa kwa ajili ya dhoruba, ugonjwa, kiatu kilichopasuka, mpagazi aliyeamka na homa. Anayezihesabu mbili hizi kuwa moja ni kama mtu aliyeweka fedha ya kodi ya nyumba mfukoni akasema ana akiba ya msiba.

Tarehe 12 Oktoba 2014 kimbunga kilichoitwa Hudhud kilipiga pwani ya Bara Hindi mashariki, karibu na Visakhapatnam. Habari zake zilijulikana. Watu wengi mno walikwisha hamishwa pwani. Mabaki ya kimbunga yakasafiri kuelekea kaskazini, na tarehe 14 yakaikuta Himalaya. Oktoba ndio mwezi ambao karatasi zote za wauzaji huusifu kwa mbingu safi, na siku ile vijiji vya chini ya Thorong La vilikuwa vimejaa watu. Wapo walioondoka alfajiri ilhali theluji imeanza kuanguka. Walipofika juu hawakuona njia mbele wala nyuma. Wengine walijisonga katika kibanda cha chai kilichopo kipitoni, kisha wakatoka kushuka kuelekea Muktinath, wakapotea, wakakaa chini, wakafa kwa baridi. Katika nchi ile yote, pamoja na waliofunikwa na maporomoko ya theluji, hesabu ya waliokufa ilifika 43 au zaidi, na mamia waliokolewa. Walikuwamo wageni kutoka nchi nyingi. Walikuwamo pia viongozi wa Kinepali, wapagazi, na wachunga yaki ambao hawakuwa na ratiba yoyote.

Sisemi kuwa kila aliyekufa alikuwa mpumbavu. Wengi hawakupewa habari, na wa kulaumiwa kwa hilo ni wale waliokuwa na habari wasizifikishe. Lakini baina ya kupiga kwa kimbunga pwani na kufika kwake mlimani zilipita siku mbili, na kesho yake mbingu ilifunguka hata helikopta zikaruka kutafuta watu. Siku moja tu! Aliyekuwa Thorong Phedi na siku moja tupu katika karatasi yake angekunywa chai, angecheza karata, angenung'unika juu ya moshi wa jiko, na angekuwa hai. Wala jambo hilo halikuwa la kwanza. Mwezi wa Novemba 1995 dhoruba nyingine ya Ghuba ya Bengal ilimwaga theluji katika Khumbu, na maporomoko yakaifunika nyumba ya wageni ya Pangka, karibu na Gokyo. Watu zaidi ya 20 walikufa humo, Wajapani na Wanepali pamoja. Basi anayeandika ratiba ya Oktoba au Novemba bila ya kuweka nafasi kwa bahari ile hajui jiografia, au anaijua na hajali.

Nageuka sasa kwa wasomi. Hoja yao hujengwa juu ya Eric Shipton na H. W. Tilman, na hasa juu ya masimulizi kwamba Shipton alidai kuwa aweza kupanga safari ya Himalaya nyuma ya bahasha. Watu hawa wawili si wageni katika habari za nchi zetu. Walikutana Kenya, walikokuwa walowezi wenye mashamba, na mwaka 1930 walipanda pamoja hadi Batian kwa ukingo wa magharibi. Mwaka 1934 waliingia katika bonde la Nanda Devi, lililofungwa kwa milima pande zote, wakifuatana na Angtharkay, Pasang na Kusang. Walikula unga na walivaa vibaya, na ni kweli waliwadhihaki wenzao waliokwenda na magunia mia. Yote hayo nayapenda. Ila tuulize: ni kitu gani walichopunguza? Walipunguza mizigo, siku hawakuzipunguza. Walikwenda mwezi wa Mei na walirudi Septemba. Walijaribu magenge, wakashindwa, wakajaribu mahali pengine, wakangoja mvua, wakarudi mara ya pili. Bahasha ilikuwa ndogo, lakini miezi ilikuwa mingi. Kijana wa leo anayeichukua bahasha akaiacha miezi, na juu ya hayo akajiita mfuasi wa Shipton, amerithi kofia ya marehemu akaacha shamba.

Kosa hili kwa sehemu ni la vitabu vyenyewe. Masimulizi ya milima hutumia kurasa ishirini kwa siku ya ushindi, na kwa siku tisa za kungojea ndani ya hema hutumia mstari mmoja: hali ya hewa ilikuwa mbaya, tulikaa. Mwandishi ana haki yake, maana kukaa hakusimuliki. Lakini msomaji asiyekwenda mlimani hupima muda kwa kurasa, akadhani ya kuwa mlima ni mfululizo wa matendo. Ningependa wanafunzi wa fasihi walitazame jambo hili, maana ni mfano wa adimu wa mtindo wa kuandika unaoweza kumdhuru mtu mwilini.

Lipo jibu la kisasa, kwamba dawa na helikopta zimeondoa haja ya kungoja. Asetazolamidi ni dawa njema. Huzisaidia figo kufanya kazi ile niliyoieleza, na madaktari huipendekeza kwa kadiri ya miligramu 125 mara mbili kwa siku kwa wale walio katika hatari. Lakini haikatazi theluji kuanguka, na aghalabu hupewa mwenye mkoba, si mbeba mkoba. Ama helikopta, haipiti katika wingu. Na wingu ndilo lililokuzuia wewe. Tena biashara yake imeharibika: mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza ikakuta kwamba wapo waliokuwa wakiwapandisha wageni katika helikopta bila ugonjwa wa kweli ili kuzidai kampuni za bima. Mahali ambapo kupanda haraka huleta faida, na kuugua huleta faida ya pili, nani atakushauri ukae?

Nafika katika sehemu ambayo kwangu ndiyo kubwa. Ratiba fupi haimwelemei aliyeinunua tu. Chini ya mkoba wake yuko mtu. Mpagazi wa Nepal hubeba kwa namlo, yaani ukanda upitao kichwani juu ya paji la uso, na ukanda huo hushika kapu liitwalo doko, au mabegi mawili matatu ya wageni yaliyofungwa pamoja. Dunia imezoea kumwita Sherpa. Sherpa ni jina la watu, kama Mchaga au Mpare. Ni kabila lenye nchi yake Khumbu, na miili yao imezoea kimo kwa vizazi vingi. Wapagazi wengi si Washerpa. Ni Warai, Watamang, Wamagar na wengineo, wakulima wa vilima vya kati, ambao nyumba zao ziko mita 1,500 au 2,000. Huko kwenye mita 5,000 wao ni wageni kama wewe, nao huugua kama wewe, na kwa mzigo walioubeba huchoka zaidi. Kuligeuza jina la kabila kuwa jina la kazi si kosa la lugha tu. Humfanya mwajiri asadiki kwamba mtu huyu hahitaji kuzoea, kwa kuwa amezaliwa amezoea.

Mpagazi hulipwa kwa siku. Jambo hili dogo lina nguvu kuliko kanuni zote za madaktari. Akisema kichwa kinauma, ataambiwa ashuke. Mzigo wake utagawanywa, na ujira wake utakoma. Basi hasemi. Huficha mpaka hawezi kuficha, na hapo mara nyingi msafara, ambao hauna siku ya kupoteza, humpa fedha yake na kumwacha ashuke peke yake, naye ubongo wake umevimba na hajui njia. Mwaka 1997 liliundwa shirika la kimataifa la kuwalinda wapagazi, na miongoni mwa mambo ya mwanzo liliyoyataka ni kwamba mpagazi mgonjwa asishushwe bila mwenzi ajuaye lugha yake. Kwamba apewe nguo za baridi, viatu, miwani ya kuzuia mng'ao wa theluji, na mahali pa kulala palipo na ukuta. Msomaji atafakari jinsi mambo hayo yanavyoshangaza kwa udogo wake. Ilihitajika shirika ili kusema kwamba mtu abebaye hema alale ndani ya kitu.

Sisi wenye lugha hii tungepaswa kulielewa jambo hilo upesi kuliko watu wengine. Neno mpagazi lilitembea kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Mzigo wa mpagazi wa misafara ya karne ya 19 ulikuwa aghalabu karibu frasila mbili, ambazo kwa kipimo cha leo ni kilo 32 hivi. Kiasi kinachopendekezwa leo kwa wapagazi wa safari za Nepal ni kilo 30, na wengi huonekana wamebeba zaidi. Katika karne nzima na nusu tumepunguza kilo mbili! Juu ya Kilimanjaro kanuni ya hifadhi ni kilo 20 za mizigo ya wageni, na ni afadhali, ikishikwa.

Na kwa kuwa nimeutaja Kilimanjaro, nimjibu pia Mwafrika Mashariki asemaye kwamba amefika Uhuru, mita 5,895, kwa siku tano, basi kipito cha mita 5,416 si kitu kwake. Njia ya zamani ya Marangu hulaza watu mita 2,720, kisha 3,720, kisha 4,720: mita 1,000 kila usiku, mara mbili ya kanuni. Watu hupona, walio wengi, kwa sababu siku ile ile ya kufika kileleni hushushwa mpaka Horombo. Ugonjwa haupati muda wa kukomaa. Katika Khumbu, mtu anayevuka Kongma La, Cho La na Renjo La katika safari moja hulala juu ya mita 4,000 usiku baada ya usiku, kwa wiki na zaidi, na njia ya kushuka mara nyingi ni ndefu, pengine yenyewe hupanda kwanza. Kilimanjaro humtahini mtu kwa usiku mmoja. Aliyefaulu mtihani huo hajui bado kama ataweza kukaa.

Basi mpango wa kweli una nini? Una siku za mwili, zilizohesabiwa kwa mahali pa kulala, si kwa urefu wa njia. Una siku za akiba zisizopungua mbili kabla ya kila kipito kikubwa, nazo zimeandikwa waziwazi kuwa tupu, na kitabu cha fedha kinaonyesha kwamba siku hizo wapagazi watalipwa ujira kamili ingawa hawabebi. Hili la mwisho nalishika kuliko yote. Siku ya akiba isiyolipwa ni siku ya njaa kwa mpagazi, na mtu mwenye njaa atakuambia kwamba mbingu itafunguka. Tena mpango una jina la mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema turudi, naye hapotezi kitu akisema hivyo. Tangu tarehe 1 Aprili 2023 Bodi ya Utalii ya Nepal imetaka wageni wafuatane na kiongozi mwenye leseni katika njia nyingi za nchi, ijapokuwa Khumbu ilikataa kuifuata amri hiyo. Mimi siipingi amri. Ila kirangozi aliyeajiriwa na muuza ratiba, na bahashishi yake hutolewa Muktinath baada ya kuvuka, ana leseni ya kuonyesha njia tu. Leseni ya kukataa hana. Aandikiwe katika mkataba kwamba bahashishi ni ile ile, tuvuke tusivuke, na itolewe kabla ya kipito. Nawashauri wanafunzi wanaojiandaa kwa safari hizi wamuulize wakala swali hili moja, kabla ya kuuliza bei: siku ya kungoja hulipwa na nani? Akisita, wamekwisha jua watalala wapi wapagazi wake.

Nitaambiwa mwisho: mimi ni mtu wa kazi, nina siku kumi na nne na si zaidi, je, nisiione Himalaya? Uione. Usivuke tu. Bonde la Langtang liko kaskazini ya Kathmandu, mwendo wa siku moja kwa gari hadi Syabrubesi, mita 1,500 hivi. Na toka hapo ni kutembea, maana gari halikufikishi Kyanjin Gompa, mita 3,870, chini ya barafu na vilele. Kijiji cha Langtang kilifukiwa na maporomoko siku ya tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015, na waliosalia walikijenga upya; fedha ya mgeni huko ina kazi. Njia ya kwenda ndiyo ya kurudi, na hakuna kamba ya upande wa pili. Siku nne za kupanda, siku mbili za kukaa, siku tatu za kushuka, mbili za gari: ni kumi na moja. Zinabaki tatu, na theluji ikianza kuanguka, wapagazi wako walipwe hizo, nawe ukae karibu na jiko.